Vyombo Vyote: Emlyn Gittens

Jumatano hiyo, kama Jumatano zote tangu kaka yake afiwe na mke, Olwen Gittens alikuwa jikoni mwa Emlyn akisukuma unga wa pai ya nyama ya kopo. Mezani, mahali ambapo kwa kawaida huwekwa viazi, palikuwa na kompyuta ya Bwana Vickery wa kampuni moja ya santuri ya London, mtu wa makamo mwenye skafu ambayo hakuivua hata ndani ya nyumba. Alikuwa amefika Butetown, mtaa wa bandarini Cardiff, kwa treni ya asubuhi ili kuikamilisha albamu ya maisha yote ya Emlyn: santuri sita katika sanduku moja, pamoja na kijitabu kinene kitakachoeleza, wimbo baada ya wimbo, ni nani aliyepiga nini. Majalada ya zamani hayakueleza. Mbele yalikuwa na jina la Emlyn, na nyuma picha yake akiwa amezungukwa na vyombo kumi na kimoja. Yaliyobaki dunia iliyajaza yenyewe.

Bwana Vickery alibonyeza, na sauti ya piano ikajaa jikoni.

“Hapa, Bwana Gittens,” alisema, “piano uliirekodi kabla ya saksafoni au baada yake?”

Emlyn alilitazama bakuli la sukari. Alikuwa mzee aliyevuka themanini, mrefu, mwenye nywele nyeupe kama pamba, na alikuwa na desturi ya kutafakari hata swali ambalo jibu lake analijua.

“Kabla,” alisema.

“Kabla, ndiyo,” alisema Olwen bila kugeuka. “Nilipiga mimi. Yeye alikuwa nje anavuta sigara.”

Bwana Vickery alitabasamu tabasamu la mtu aliyekanyagwa ndani ya basi na hataki ugomvi.

“Bila shaka ulikuwepo, Bi Olwen. Familia nzima ilisimama naye.”

“Familia nzima ilikuwa hapa Butetown. Studio nilikuwa mimi.”

“Olwen,” alisema Emlyn, “chai ya mgeni.”

“Mgeni ana mikono.”

Bwana Vickery alijimiminia chai mwenyewe, akauliza habari za tarumbeta.

Ukweli wenyewe ulikuwa mfupi. Emlyn alijaliwa kila chombo kinachopulizwa, saksafoni, klarineti, filimbi, tarumbeta, na kila aina ya ngoma. Lakini chochote chenye nyuzi na chochote chenye vibao kilimkataa tangu utotoni, na hivyo vilikuwa vya Olwen. Piano ilikuwa yake, na besi, na marimba ya chuma. Katika siku za ujana wao, wakubwa wa studio moja huko London walisikia kwamba katika bandari ya Cardiff kuna kijana mweusi, mtoto wa mchochea makaa wa melini kutoka Barbados, awezaye kurekodi chombo kimoja juu ya kingine mpaka akawa bendi nzima peke yake. Kijana wa namna hiyo waliweza kumuuza. Kijana mwenye dada hawakuweza. Ndugu hao wawili walisafiri pamoja, wakapiga pamoja, na santuri ilipotoka ikawa na mtu mmoja.

“Vumilia, binti yangu,” mama yao, aliyezaliwa katika mabonde ya wachimba makaa, alimwambia Olwen. “Mwache kwanza yeye aingie mlangoni, halafu atakuvuta.”

Emlyn aliingia, na mlango ukajifunga nyuma yake taratibu, bila kishindo. Santuri ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu, na zote zilizofuata. Olwen alifundisha piano watoto wa mtaa na kupiga kinanda kanisani. Ndani ya jiko la kaka yake alikuwa na ulimi mkali. Nje ya jiko hilo hakumwambia mtu neno, kwa sababu mama alikuwa amemwomba, na mama alipofariki ombi lake lilibaki.

Mgeni alipokwisha kuondoka, Olwen alifuta meza.

“Utamwambia lini?”

“Nimwambie nini?”

“Usinifanye mjinga, kaka. Zamani hawakuandika chochote, nikanyamaza. Safari hii wanaandika nani alipiga nini, na sisi hatutaishi mpaka waandike tena. Sitaki picha. Sitaki mahojiano. Nataka jina, hata kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, mbele ya vitu nilivyopiga.”

“Albamu inaitwa *Mikono Miwili*, Olwen.”

“Basi iitwe *Mikono Minne*.”

“Watu wanajua miaka yote hii kwamba—”

“Watu wanajua ulichowaambia.”

Emlyn alikata kipande cha pai, akakitazama, akakirudisha.

“Nitamwambia,” alisema. “Haki ya kaburi la Mama.”

Kiapo hicho kilikuwa kizito. Emlyn alikibeba hadi kwenye simu, akakiweka chini, akampigia Bwana Vickery kuuliza kama picha ya jalada itakuwa ya rangi.

Kijitabu kilipelekwa kiwandani Jumatatu moja ya mwezi wa Machi. Chini ya kila wimbo palichapwa maneno yale yale: *Vyombo vyote: Emlyn Gittens*. Asubuhi ya Jumanne Olwen aliamka hana mikono.

Hapakuwa na damu wala maumivu. Mikono ilikomea vifundoni, na ngozi ilikuwa imejifunga vizuri, laini kama kisigino cha mtoto mchanga. Olwen alijitazama mpaka alipokuwa na yakini, kisha akagonga ukuta kwa kiwiko. Upande wa pili aliishi Khadra Warsame, mjane wa baharia Msomali, ambaye alikuwa macho tangu Sala ya Alfajiri na alikuwa na ufunguo. Khadra aliingia na kitambaa cha vyombo begani, akamtazama rafiki yake upande huu na upande ule.

“Imepotea au imechukuliwa?”

“Imechukuliwa.”

“Alhamdulillahi. Ingepotea tungeanzia wapi?”

Alimwosha uso, akamnywesha chai, akamfunga vifungo vya koti, nao wakaenda kwa Emlyn, mitaa miwili kutoka pale.

Walimkuta mezani akiwa na mikono minne. Ile mipya ilikuwa imeota mbavuni, chini ya ile ya kwanza, naye alikuwa amelikata shati la kulalia kwa mkasi ili ipate kupita. Olwen aliitambua kabla hajavuka kizingiti. Ule wa kushoto ulikuwa na kovu la sinia ya oveni, na ule wa kulia ulikuwa bado umevaa pete ya mama yao. Yote miwili ilikuwa ikimenya viazi bila kuagizwa na mtu, kwa kuwa ndivyo ilivyozoea kufanya ikiwa katika jiko lile.

“Nilitaka kukupigia simu,” alisema Emlyn.

“Kwa mkono upi?”

Khadra alicheka, akaomba radhi, akacheka tena.

Ilidhihirika upesi kwamba mikono ile ilikuwa ingali ikimsikiliza mwenyewe. Olwen alisema pua inamwasha, na ule wa kulia ukaacha kiazi, ukanyooka juu ya meza, ukamkuna, ukarudi kazini. Emlyn aliuamuru umletee miwani. Haukumsikia.

“Mpigie Vickery,” alisema Olwen. “Sasa hivi. Mimi nikisikia.”

Emlyn alipiga, akaiweka simu mezani katikati ya maganda. Bwana Vickery alisikiliza habari yote kwa adabu. Aliuliza kama mikono hiyo ilikuwa ya kulia na kushoto, au yote ya upande mmoja, akasikika kuridhika na jibu.

“Pole sana, Bi Olwen,” alisema. “Lakini kijitabu kimeshachapwa. Na ukilitazama jambo hili kwa utulivu, sasa kilichoandikwa ni sahihi.”

“Sahihi?”

“Vyombo vyote vimepigwa kwa mikono ambayo ni ya Bwana Gittens. Jana labda ungekuwa na hoja.”

Olwen aliielekeza mikono yake ikate simu, nayo ikaikata.

Halmashauri ilimtuma mwanamke mmoja mpole mwenye kitambulisho shingoni, ili apime ni msaada gani Olwen anaostahili. Mwanamke huyo alivitazama vifundo, akauliza mikono ilipo, akaambiwa. Alifikiri kidogo.

“Kwa hiyo bado imo ndani ya familia?”

“Imo mbavuni mwa kaka yangu.”

“Na kaka yako anaishi karibu?”

“Mitaa miwili.”

“Basi, mpenzi, kwa mujibu wa taratibu zetu unahesabika kuwa unayo,” alisema, akamwachia namba ya simu ya watu wanaosaidia wapweke.

Hivyo ukaanzishwa utaratibu. Kila asubuhi Emlyn alikuja na koti pana, akaketi karibu na dada yake, na mikono ya Olwen ikamsuka nywele, ikampaka siagi kwenye mkate, ikamlisha. Wakati huo Emlyn alisoma gazeti kwa mikono yake mwenyewe, akiwa amegeuza uso upande kama mtu aliyefumania faragha ya wengine. Jioni alikuja tena. Mgongo ulianza kumuuma, naye alilalamika.

“Wewe unafikiri ni raha? Usiku inapiga piano juu ya blanketi. Sipati usingizi.”

“Inapiga nini?”

“Najuaje? Sijui vibao.”

“Hilo,” alisema Olwen akitafuna, “ungemwambia Vickery.”

Mkono wa dada ukamfuta dada mdomo.

“Nitasema jukwaani,” alisema Emlyn siku moja, wiki ya uzinduzi. “Mbele ya watu wote. Kabla ya wimbo wa mwisho nitalitaja jina lako. Likisemwa hadharani, atalazimika kuandika upya.”

“Mara ya kwanza uliapa kwa kaburi la Mama.”

“Safari hii siapi. Ninakuambia tu.”

Olwen alimwamini. Hakuwa mjinga. Alikuwa mwanamke mzee, hana mikono, na yule alikuwa kaka yake.

Uzinduzi ulifanyika katika ukumbi mkubwa wa ufukweni, uliojengwa mahali palipokuwa na gati ambalo baba yao alishukia. Fundi wa nguo alimshonea Emlyn koti la mikono minne, na watu wa mavazi walikubaliana kwamba lilimkaa vyema. Olwen aliketi safu ya tatu pamoja na Khadra. Karibu nao walikuwa watu wa Butetown waliopewa tiketi za bure, wamevaa nguo zao za mazishi kwa sababu ndizo walizokuwa nazo nzuri. Mbele yao walikaa watu wa London.

Bwana Vickery alipanda jukwaani na skafu yake, akasema kwamba historia ya muziki wa jazi katika visiwa hivi ni historia ya upweke, na kwamba usiku huu wataona mtu mmoja.

Kisha Emlyn akapiga. Mikono yake ilishika saksafoni, na ile ya Olwen ikapiga piano wakati huo huo, naye ameketi kwa ubavu kwenye kiti ili mikono yote ifikie. Hapakuwa na aliyeshangaa, ila watu walifurahi mno, kwa kuwa hapo awali jambo hilo liliwezekana katika santuri tu. Piano ilisema mambo yake ya zamani kwa sauti ile ile ya ujana. Olwen aliisikiliza kama mama asikilizaye mwanawe akisoma vizuri katika nyumba ya watu.

“Wallahi unapiga vizuri,” alinong’ona Khadra.

“Najua.”

Ukafika wimbo wa mwisho. Uliitwa *Jumatatu ya Nyundo*. Olwen aliutunga katika wiki ile halmashauri ilipobomoa mtaa wao, akiwa ndani ya nyumba iliyokwisha kung’olewa madirisha, kwenye piano ambayo haikupita mlangoni na ambayo kesho yake ilivunjwa pamoja na kuta. Aliutunga peke yake, huku Emlyn akihamisha magodoro.

Emlyn alisogea kwenye kipaza sauti. Aliitazama safu ya tatu, na Olwen akajiinua kidogo kitini.

“Wimbo huu,” alisema Emlyn, “ulitungwa wiki ile walipobomoa mtaa wetu.” Watu wa London walikuwa wamemwinulia nyuso zao, mamia kwa mamia, zenye mapenzi, nazo hazikuwa zikimwuliza kitu chochote. “Nyumba haikuwa na madirisha. Nilikuwa peke yangu na piano.”

Ukumbi ulivuta pumzi kwa huruma. Katika mstari wa nyuma mwanamke mmoja alianza kulia.

Piano ikaanza, kwa kuwa mikono haikuwa na kosa. Saksafoni ikaingia juu yake. Olwen aliiacha ipite sehemu ya kwanza, iliyo ya mtaa ukiwa bado umesimama. Ilipofika pale nyundo inapoanguka mara ya kwanza, alisema kwa sauti ya kawaida, kama asemavyo na watoto wanaojifunza:

“Acheni.”

Mikono ikaachia vibao, ikajilaza juu ya mapaja ya Emlyn. Saksafoni iliendelea hatua chache, ikatafuta mahali pa kukanyaga, ikakosa, ikanyamaza. Emlyn alibaki na chombo mdomoni. Alivitazama vibao, ambavyo hakuvijua hata kimoja. Kimya kilikaa ukumbini, kikatanda, kikafika kwenye milango. Watu wa Butetown waliokuwepo siku ya ubomoaji waliinamisha vichwa, kwa sababu baada ya nyundo ndivyo ilivyokuwa. Watu wa London hawakulijua hilo, lakini walikuwa wasikivu.

Kisha mtu akapiga makofi, na ukumbi mzima ukasimama.

“Hajawahi kuthubutu hivi,” alisema Bwana Vickery machozi yakimtoka, pale pembeni. “Umri huu, na bado anagundua.”

Olwen ndiye pekee ambaye hakupiga makofi. Aliyekuwa nyuma yake alimwinamia, akamwambia kwamba ni vibaya kuwa na wivu.

Nyuma ya jukwaa Emlyn alikuwa ameketi kwenye sanduku la ngoma, koti limefunguliwa.

“Umenitia aibu,” alisema.

“Wamesimama wakakushangilia.”

“Ningesema, Olwen. Lilikuwa hapa.” Aligusa koo. “Halafu nikawaona wanavyonitazama.”

“Mimi nimetazamwa na nani?”

Mikono ya Olwen ilinyooka yenyewe, ikampanga Olwen ukosi wa koti, maana nje kulikuwa na baridi.

Sanduku liliuzwa likaisha, ikabidi litolewe toleo la pili, nalo likaongezewa santuri ya saba yenye onyesho lile lote, pamoja na kimya. Bwana Vickery alikuwa mtu makini, asiyependa kuacha kitu bila maelezo. Chini ya wimbo wa mwisho aliandika: *Saksafoni, piano na kimya: Emlyn Gittens*.

Toleo hilo lilipochapwa, Olwen aliamka akiwa tayari anazungumza. Alijaribu kufumba mdomo, ukafumbuka. Kimya chake, kile alichokitunza tangu santuri ya kwanza, hakikuwa tena mwilini mwake. Alimweleza Khadra, ambaye alikuwa akijua. Alimweleza mtu wa maziwa. Alisimama kituo cha basi akaeleza ni wimbo upi, studio ipi, mvua ilikuwaje siku hiyo, besi aliikodi kwa nani na mikanda ya begani ilimchubua wapi. Kwenye duka la chipsi walimpa nusu wali nusu chipsi na mchuzi, wakamsikiliza akieleza huku Khadra akimlisha kwa uma wa mbao.

“Ni kweli anachosema?” aliuliza muuzaji.

“Kila neno,” alisema Khadra.

“Basi ni dhuluma,” alisema muuzaji, akamhudumia mwingine.

Asubuhi hiyo hiyo, katika mtaa wa pili, Emlyn naye aliamka na nia. Usiku mzima ile mikono ilikuwa imepiga juu ya blanketi, naye kwa mara ya kwanza alikuwa amelala akiihisi badala ya kuizuia. Kulipokucha aliinuka, akachukua simu, akampigia Bwana Vickery ili amwambie kila kitu. “Halo,” alisema Bwana Vickery. “Halo? Bwana Gittens?” Emlyn alifungua kinywa. Kilikuwa kimejaa kimya cha dada yake, cha miaka yote ile, na hapakuwa na nafasi ya neno. Bwana Vickery alingoja, akacheka kwa upole, akasema anaelewa, wala hakuna haja ya kumshukuru.

Magazeti yaliandika kwamba bingwa ameingia katika awamu ya ukimya. Jarida moja la muziki lilimtuma binti kwa Olwen. Olwen alizungumza naye tangu asubuhi hadi jioni, akitaja kila wimbo na kila kibao, na binti alirekodi yote, akalia, akamkumbatia. Makala ilipotoka ilikuwa na kichwa cha habari kilichomwita Olwen mtunzaji wa kumbukumbu za kaka yake.

Mtaa ulimzoea. Waliotaka kulala walifunga madirisha, na waliotaka kusikia walileta viti. Emlyn aliendelea kuja asubuhi na jioni. Aliketi ubavuni mwake na kumlisha kwa mikono ya Olwen mwenyewe, naye Olwen akamwambia usoni kila alichomtenda, kwa utaratibu, bila kurudia, na Emlyn akasikiliza yote machozi yakidondoka kwenye gazeti, asiweze kusema ndiyo wala samahani.

Mwezi wa Novemba alikwenda London kupokea tuzo ya maisha yote, na kwa siku mbili ilimbidi Khadra afanye kazi zote. Waliitazama sherehe katika televisheni ya Khadra. Mtangazaji alilisoma jina moja. Emlyn alipanda jukwaani polepole, akakabidhiwa kombe la kioo, akasimama bila kusema kitu, na ukumbi ukaushangilia unyenyekevu wake. Kamera ilimwonyesha kuanzia kifuani kwenda juu.

“Mikono yangu iko chini ya picha,” alisema Olwen. “Wameikata. Yeye siku hizi mikono yake inatetemeka, hawezi kushika hata kikombe cha chai, na angalia kombe lilivyotulia, Khadra. Ni mimi nimelishika kwa chini. Pete ya Mama iko pale. Wimbo wa kwanza, piano ni mimi, besi ni mimi, na sehemu ile ya kati wanayoisifu tuliirudia mara nyingi kwa sababu yeye alikuwa anakimbiza mdundo, nikamwambia nisikilize mimi, usiwasikilize hao mafundi nyuma ya kioo—”

“Najua, dada,” alisema Khadra, kikombe mkononi. “Chai inapoa.”

Olwen aliendelea. Khadra alingoja mpaka alipovuta pumzi, akamnywesha funda moja, akangoja tena.